Kengele ya jioni kwa majirani zetu Waanglikana



Frateri akiulizwa Waanglikana ni akina nani, hujibu bila kusita. Atamtaja Mfalme Henry wa Nane na ndoa zake, atautaja mwaka 1534, na kama alikuwa macho darasani atautaja pia waraka wa Papa Leo wa Kumi na Tatu wa mwaka 1896, Apostolicae Curae, uliotamka kwamba Daraja wanazotoa ni batili. Yote hayo ni kweli na tunapaswa kuyajua. Lakini mwulize frateri huyo huyo Waanglikana wa kijijini wanasali nini jioni ya Jumatano, nani anawaongoza, na wakitoka kanisani wanakwenda wapi. Hapo majibu huisha.

Makala hii inahusu vijiji vya Masasi, mkoani Mtwara. Baadhi yetu tumezaliwa huko, wengine tumefika wakati wa likizo na kulala katika nyumba ambazo baba ni Mkatoliki na mama ni Mwanglikana, au kinyume chake. Tunachotaka kusema ni kwamba wakulima wale wa korosho na ufuta wanafanya jambo ambalo Mtaguso wetu wa Pili wa Vatikano ulituagiza sisi tulifanye, nasi katika vigango vyetu vingi bado hatujalifanya: wanasali zaburi za Kanisa pamoja, jioni kwa jioni, bila kumsubiri padre.

Kwanza tueleze ni Waanglikana gani, maana si wote wanafanana. Msomaji wa Dodoma au Mpwapwa anawajua Waanglikana waliolelewa na wamisionari wa CMS, wenye ibada nyepesi, msisitizo mkubwa juu ya mahubiri, na kiongozi anayeitwa mchungaji au kasisi. Msomaji huyo akifika Masasi Jumapili atadhani amepotea njia. Atasikia neno Misa. Atasikia neno padre. Ataona ubani, mavazi ya rangi za majira ya liturujia, ishara ya msalaba, na watu wakipiga goti. Sababu ni kwamba Masasi ilipokea Injili kutoka UMCA, chama cha wamisionari kilichozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857, na ambacho kilifuata mkondo ule wa Waanglikana waliotaka kurudisha ibada za zamani za Kanisa. Kwa hiyo mtu akianza sentensi na "Waanglikana huwa wanafanya hivi", mwulizeni kwanza ni wa wapi.

UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Aliyeongoza safari alikuwa Askofu Edward Steere, yule aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Unguja mahali palipokuwa soko la watumwa. Aliandamana na watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Nia ilikuwa wasonge mbele, kuelekea upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaona ardhi ni nzuri wakabaki. Hao ndio waliokuwa jumuiya ya kwanza ya Kikristo pale: watu waliokuwa wameuzwa na kununuliwa. Tunalitaja hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba Kanisa la Kianglikana ni "dini ya Mwingereza". Kwa historia ya Uingereza ni sawa. Kwa historia ya Masasi, ni dini ya mtumwa aliyeachwa huru pia, na kizazi chake bado kinalima pale.

Sasa tuje kwenye kengele. Kwa kweli si kengele. Katika makanisa mengi ya vijijini ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, hugongwa kwa kipande cha chuma. Jua likielekea kuzama, mtoto mmoja hutumwa kuigonga. Wanakuja watu kumi, wakati mwingine ishirini, wengi wao akina mama na watoto, wazee wawili watatu, na wanaume wachache wakitoka shamba na majembe yao, ambayo huyaegemeza ukutani nje. Katekista, ambaye naye ni mkulima, hufungua Kitabu cha Sala. Zaburi husomwa kwa kupokezana, upande huu na upande ule, kama tunavyofanya sisi seminarini. Yanafuata masomo mawili ya Biblia, na kati yake utenzi wa Bikira Maria, kisha wimbo wa Mzee Simeoni, Kanuni ya Imani, sala chache, na wimbo. Hata nusu saa haifiki.

Kwa desturi ya kitabu chao cha zamani, zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30, asubuhi na jioni. Mtu anayehudhuria kwa miaka arobaini amezipitia mara nyingi kuliko profesa wetu wa Maandiko, na tunasema hivyo kwa heshima yote kwa profesa. Kuna bibi wasiojua kusoma ambao upande wao ukifika hawababaiki. Midomo inakwenda yenyewe. Sisi wanafunzi wa falsafa tunasoma kwa Aristoteli kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda mambo ya haki, na kwamba tabia njema huota kwa kurudiarudia. Tumeiandikia insha. Bibi yule hajaisikia, lakini ameifanyia kazi tangu utotoni.

Msomaji Mkatoliki asidhani sala ile ni kitu kigeni kwetu. Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipotunga Kitabu cha Sala mwaka 1549, alichukua vipindi vya sala vya wamonaki akavikusanya viwe viwili tu, asubuhi na jioni, kwa lugha ya watu, ili paroko aigonge kengele na wakulima waje. Tuna mengi ya kutokubaliana na Cranmer. Lakini kile kinachosaliwa jioni pale Masasi kimetokana na Masifu ya Jioni na sala ya kabla ya kulala za Kanisa la Magharibi, zile zile zilizotunzwa na wana wa Mtakatifu Benedikto. Na Wabenediktini wenyewe wako jirani, Ndanda, tangu mwaka 1906.

Hapa ndipo sisi tunaposhikwa. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, katika namba 100 inawaagiza wachungaji wahakikishe kwamba vipindi vikuu, hasa Masifu ya Jioni, vinaadhimishwa kanisani kwa pamoja siku za Jumapili na sikukuu kubwa. Inawahimiza walei nao wasali sala hiyo, pamoja na mapadre, au wao kwa wao, au hata mmoja mmoja. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1174, inarudia mwaliko huo. Imepita zaidi ya miaka sitini. Msomaji ajiulize ni lini mara ya mwisho alialikwa kwenye Masifu ya Jioni kigangoni kwake.

Kwetu Masifu yamekuwa mali ya watu waliowekwa wakfu. Seminarini tunayasali kwa kengele, kwa tenzi, kwa kupokezana, tena vizuri. Tukifika nyumbani likizo tunajifungia chumbani na simu yenye breviari ndani yake, na mama anayepita mlangoni anaamini tunachati. Tukipewa ushemasi tutaahidi kuyasali kila siku kwa ajili ya taifa la Mungu, na taifa lenyewe litakuwa nje ya mlango, likipika ugali, halijui kwamba linaombewa kwa maneno ambayo lingeweza kuyasali lenyewe.

Tunajua jibu linalokuja: sisi tuna Jumuiya Ndogo Ndogo, tuna Rozari, tuna Njia ya Msalaba. Ni kweli, na jumuiya zetu ni kitu ambacho majirani wenyewe hukisifia. Hatusemi lolote liondolewe. Tunasema tu kwamba jumuiya hukutana mara moja kwa wiki, Rozari ya pamoja hushamiri mwezi Mei na Oktoba, Njia ya Msalaba ni ya Kwaresima, na siku nyingine zote kanisa la kigango limefungwa kufuli hadi Jumapili. Tena zaburi zina kazi ambayo sala nyingine haziifanyi kwa namna ile ile. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la faraja mwishoni. Mama aliyefiwa na mtoto akiisoma katikati ya wenzake anagundua kwamba Kanisa linamruhusu kumwambia Mungu jinsi hali ilivyo. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mbele ya Mungu ni shukrani tu.

Kuna faida nyingine, na hii historia ya Masasi inaithibitisha kwa pande zote mbili. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya UMCA ya Masasi ilichomwa moto, na misheni zetu za Lukuledi na Nyangao zilichomwa pia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa UMCA wakawaweka kizuizini. Waingereza waliposhinda, ikawa zamu ya wamisionari wetu Wajerumani kuondolewa. Waliobaki ni mapadre Waafrika wachache kwa upande wa Waanglikana, na walimu na makatekista kwa pande zote mbili. Waanglikana walikuwa na padre Mwafrika mapema, Cecil Majaliwa, aliyepata upadre Unguja mwaka 1890 na kufanya kazi miongoni mwa Wayao. Lakini padre mmoja hawezi kuwa kila kijiji. Kanisa lilibaki hai pale ambapo katekista aliweza kuwakusanya watu wakasali kitu wanachokijua.

Hali hiyo haijapita. Kigango cha mbali kinamwona padre mara moja kwa mwezi, na wakati wa masika pengine hata hiyo haipatikani. Waanglikana wana shida hiyo hiyo, pengine zaidi, kwa kuwa padre wao ana mke na watoto wa kusomesha na sadaka ya kijiji haitoshi. Tofauti ni kwamba padre wao asipofika, ratiba ya sala ya wiki haibadiliki.

Tulisema tutauliza wanakwenda wapi baada ya sala. Wanakwenda kwa wagonjwa. Sala ikiisha katekista husimama mlangoni na kutaja: fulani hajatoka ndani siku ya tatu, fulani paa limeezuliwa, mtoto wa fulani amefaulu na hana sare. Kundi hugawanyika hapo hapo. Hakuna kamati inayoitishwa, kwa sababu watu tayari wamekutana. Akina mama wa umoja wao, ule ulioanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876 (mwaka ule ule Steere alipofika Masasi, kwa bahati tu), ndio wenye nguvu katika kazi hii. Wana WAWATA wa kwetu wanawajua vizuri. Kwenye msiba wanachanga unga pamoja na kushika miiko pamoja, na kaburi mara nyingi huchimbwa na vijana Waislamu wa kijiji, ambao katika Masasi ni ndugu zetu wa damu kabisa.

Sala hiyo haikubaki kanisani tu hata katika mambo mazito zaidi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, pamoja na mapadre wake Waafrika, waliikabili jando. Wamisionari wengi wa wakati ule waliona jando ni giza tupu, wakaipiga marufuku, nayo ikaendelea usiku. Wao waliamua kuiingiza ndani ya maisha ya Kanisa: vijana wakaenda jandoni wakiwa na mafundisho ya Kikristo, sala na baraka, na wazee wa kijiji wakaendelea kuwa na nafasi yao. Si kila kitu kilikwenda vizuri, na mpaka leo wanahistoria wanabishana juu ya kipimo cha mafanikio yake. Lakini sisi tunaposoma habari za utamadunisho tunazungumza kana kwamba wazo lilizaliwa baada ya Mtaguso. Jirani alikuwa amelijaribu mapema, umbali wa baiskeli kutoka kwenye misheni yetu.

Tusiwapambe mno. Sala ya jioni ya majirani huwa na siku zake mbaya, ambapo zaburi hukimbizwa kama watu wanafukuzwa na mvua. Wanaume ni wachache, na vijana wengi wamehamia kwenye makanisa mapya yenye kinanda na spika kubwa. Sikukuu ya mavuno ina mnada usioisha: jogoo mmoja ananunuliwa, anatolewa tena, ananunuliwa tena, na maskini aliyeleta kisado cha mbaazi anatazama tu matajiri wakishindana. Hilo, kwa bahati mbaya, nasi tunalo.

Na kuna maumivu ambayo hakuna sala ya jioni inayoyaondoa. Katika familia za mchanganyiko, Misa ya mazishi ya baba Mkatoliki inafika wakati wa Komunyo, watoto wanasimama, mama yao Mwanglikana anabaki kwenye benchi. Ameishi na mzee yule miaka thelathini. Alibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Kanisa letu linautambua ubatizo huo. Wanaosema kwamba Mwanglikana akija kwetu abatizwe upya wanakosea, na waache kusema hivyo. Hata hivyo anabaki amekaa. Hatudai kanuni ivunjwe kwa machozi yetu. Komunyo ni alama ya umoja kamili wa imani, na umoja huo haujakamilika. Kujifanya umekamilika ni kusema uongo mahali pasipofaa kabisa kusema uongo. Ila frateri anayeeleza kanuni hii kwa sauti ya ushindi hajamtazama mama yule usoni.

Kwa sababu hiyo hasa zaburi za jioni zina uzito. Mezani pa Bwana bado tumetengana. Kwenye zaburi hatujatengana. Mwongozo wa Kanisa juu ya Ekumene wa mwaka 1993 unataja wazi kwamba kushiriki sala rasmi za asubuhi na jioni za wenzetu kunasaidia kuelewana katika sala. Mama yule na watoto wake wanaweza kusimama bega kwa bega jioni ya arobaini ya mzee, wakasali utenzi wa Bikira Maria kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, bila mtu kubaki kwenye benchi. Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, kwa kawaida hufanyika mjini, na hotuba na soda. Kijijini ingetosha rimu ya gari.

Namugongo walichomwa Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi wetu 22, tarehe 18 Oktoba 1964, hakuacha kuwataja wale Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Wale walisali pamoja wakielekea motoni. Sisi tunashindwa kusali pamoja tukitoka shamba.

Kwa hiyo tunapendekeza kitu kidogo. Masifu ya Jioni ya Jumapili katika Kwaresima, kigangoni, yakiongozwa na katekista au na jumuiya kwa zamu, maana katekista tayari amebeba mengi. Padre akiwepo vizuri, asipokuwepo yaendelee. Breviari ni ghali na haihitajiki: zaburi zimo katika Biblia ya kila nyumba, na antifona zinaweza kuandikwa ubaoni. Majirani waalikwe kwa jina, si kwa tangazo la jumla. Mafrateri wakiwa likizo wafundishe namna ya kupokezana pande mbili, kwa kuwa hilo ndilo jambo moja tunalolijua vizuri kuliko waamini.

Wanne kati yetu tumempelekea paroko mmoja wazo hili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tutatumia zaburi zipi, kisha akakubali kwa masharti mawili: ianze saa kumi na mbili kamili jioni, na isivuke nusu saa, kwa sababu akina mama wanaacha chungu motoni.